Gurudumu Zima

Siku mambo yangu yalipoharibika ilikuwa Jumatano, tarehe tisa, saa mbili kasoro robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya saa ya ukutani, mikono imejaa povu, nasoma tangazo.

Mimi ni dobi wa hospitali. Nafua mashuka. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nasoma polepole, neno moja moja, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Tangazo lilikuwa na mistari mitatu. Lilisema gari la kuwachukua wafanyakazi limesitishwa hadi hapo litakapotangazwa tena. Chini kulikuwa na sahihi ya mkurugenzi. Sahihi ilikuwa kubwa kuliko tangazo lenyewe.

Nikamwendea msimamizi wetu wa zamu.

"Mzee, tutakujaje saa kumi na mbili asubuhi bila gari?"

"Mtakuja kama watu wazima wanavyokuja kazini," akasema. "Na nisikilize vizuri. Ukichelewa mara tatu, nafasi yako anapewa mwingine. Siyo mimi. Ni amri ya huko juu."

"Huko juu wao hawachelewi?"

"Huko juu wana magari."

Sikushangaa. Wakubwa nawajua. Mke wangu alifariki mwaka juzi akisubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo. Lilikuwa limekwenda kubeba matofali ya nyumba ya mtu. Nilipouliza ni nani, niliambiwa niandike barua. Barua niliandika, kwa mwandiko wangu huu huu wa darasa la nne. Mpaka leo nasubiri majibu.

Nyumbani tuko watatu. Kuna mimi. Kuna binti yangu, anayemalizia shule. Na kuna mama mkwe wangu, ambaye alikuja kwenye mazishi ya mwanawe na hakuondoka tena. Masikio yamemwacha kidogo, lakini macho yake ni makali kuliko yangu. Wote wawili wanakula kwa mashuka ninayofua. Nikifukuzwa kazi, hatuna pengine.

Wiki ile nilitembea. Ni mwendo wa saa moja na nusu, na magoti yangu siyo ya kijana. Jumatatu iliyofuata mvua ilinyesha, nikafika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Msimamizi alitoa daftari lake.

"Moja," akasema, wala hakuniangalia.

Jioni ile binti yangu alinipaka dawa ya kuchua magotini. Akasema, "Baba, kuna baiskeli ya mama."

Baiskeli ile mke wangu alipewa na mradi alipokuwa mhudumu wa afya mtaani. Ilikuwa ya mlimani, ya tairi nene zenye meno, ya gia nyingi. Mradi ulipoisha waliompa walisahau kuichukua, au waliona aibu. Kila siku mke wangu alirudi nayo nyumbani saa kumi alasiri. Tangu afariki ilikuwa imelala nyuma ya nyumba, imefunikwa gunia.

"Magoti haya hayawezi pedali," nikamwambia.

"Siku hizi wanaweka mota, baba. Ndani ya gurudumu la nyuma. Unaweka na betri. Mwenyewe unakaa tu."

"Unakaa tu kama mkurugenzi?"

"Kama mkurugenzi, ila upepo unakupiga."

Niliuza friji. Halikuwa na cha kugandisha. Nikaenda kwa muuza spea mmoja, anayeuza vitu vya umeme vilivyokwisha kutumika. Alinipa gurudumu lenye mota katikati, nene kama sufuria. Alinipa betri, chaja, na kisanduku cha kuongozea umeme. Alinipa pia kishikio cha kuongeza mwendo, kile unachokizungusha kwa kiganja, umbo lake kama la pikipiki. Watu walikuwa wengi dukani. Alinieleza mbiombio, huku anahesabu pesa za mteja mwingine. Mwisho akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika neno moja kwenye ganda la betri, kando ya kitufe chekundu. Aliandika ZIMA.

Nikafurahi. Sababu ni hii. Kule kufulia tuna makapu mawili makubwa. Moja limeandikwa ZIMA, la pili limeandikwa CHAKAVU. Shuka zima huku, shuka chakavu kule. Miaka kumi na tisa nimelisoma neno hilo kila asubuhi. Ni neno ninaloweza kulisoma bila kutafuna midomo. Nikajua muuzaji amepima mali yake na kuniandikia ni gurudumu zima, halina kasoro.

Tulifunga wenyewe, mimi na binti yangu, siku ya Jumapili. Yeye alishika simu akiangalia picha. Mimi nilishika spana. Waya zilizolegea nilizifunga kwa plasta ya hospitali. Breki niliacha zile zile za zamani. Baiskeli ikasimama juu ya stendi yake ya miguu miwili, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Nikabonyeza kitufe chekundu, taa ndogo ikawaka. Nikazungusha kishikio, gurudumu likazunguka, mlio wake kama nyuki ndani ya mtungi. Mama mkwe aliweka kiganja chake juu ya fremu.

Wiki mbili nilifika kazini mapema kuliko msimamizi. Nilikuwa namngojea mlangoni, nimekunja mikono.

Yalianza Alhamisi moja.

Zamu yangu inakwisha saa nane. Msimu ule barabara ilikuwa tope tupu. Kwa hiyo kila nikirudi nilichota ndoo ya maji, nikaiosha baiskeli yote kuanzia usukani hadi tairi. Kisha niliiingiza ndani, sebuleni, nikaiweka kwenye stendi. Nje wangeiiba. Sebule ndicho chumba anacholala mama mkwe, na mchana hukaa hapo kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Alhamisi ile nilikuwa nimejilaza chumbani. Nyumba ilikuwa kimya. Nikasikia mama anaongea. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anavyoongea na aliyechoka.

"Pole na kazi," alisema. "U mzima?"

Nikadhani ni binti yangu ametoka shule. Nikatoka.

Hakukuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Mama alikuwa kitini, mikono magotini, anaangalia baiskeli. Na gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka.

Halikuzunguka kwa kasi. Lilizunguka pole pole, kama lile la baiskeli inayosukumwa na mtu anayetembea kando yake. Jua la dirishani lilipita kati ya spoku, na kivuli chake kikapita juu ya ukuta, juu ya kalenda, juu ya uso wa mama, mstari baada ya mstari. Kishikio hakikuguswa. Hewa ya chumba ilikuwa imesimama.

Niliangalia saa. Ilikuwa saa kumi.

"Mama," nikamwita. "Mama, umeigusa?"

"Mimi?" akasema. "Mimi naigusaje na mgongo huu? Amekuja mwenyewe. Kaa, mwanangu. Usimkatishe."

Sikukaa. Nilisimama kwenye fremu ya mlango mpaka gurudumu lilipopunguza mwendo. Likasitasita. Likasimama. Mama alishusha pumzi.

"Huwa hakai sana," akasema.

"Huwa? Kwani ni mara ya ngapi?"

"Wewe unalala, utajuaje?"

Sikumwambia binti yangu. Lakini siku ya tatu alikuta mwenyewe. Alirudi shule mapema, akafungua mlango, akarudi nyuma mpaka nje. Nilimkuta amekaa kizingitini, begi bado mgongoni.

"Baba," akasema, "mimi siogopi. Niambie tu kama na wewe umeona."

"Nimeona."

"Basi naogopa."

Tangu siku hiyo tuliishi kama watu wenye mgeni. Saa tisa na nusu tulianza kuzungumza kwa sauti ndogo. Saa kumi ilipokaribia, binti yangu alipata kazi ya kufanya nje. Siku nyingine gurudumu halikuzunguka. Siku nyingine lilizunguka mpaka nikahesabu pumzi zangu mia mbili. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Alianza kuchana nywele mchana. Alianza kula vizuri. Alimsimulia binti wa nyumba ya pili habari za mgeni huyo wa saa kumi, naye akaacha kuja kwetu kuomba chumvi.

Mimi nilifanya nini? Nilipanda baiskeli hiyo hiyo kila asubuhi nikaenda kazini. Ningefanyaje? Daftari la msimamizi lilikuwa na moja tayari. Nilipanda nikiwa nimekaza mgongo, kama mtu aliyembeba mwingine nyuma.

Siku ya pili mbaya ilikuwa Jumanne. Kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Nilifika kwenye njia panda, nikasimama kulipisha lori. Mguu mmoja ulikuwa chini. Mkono wa kulia niliutoa kwenye kishikio nijifute maji usoni.

Baiskeli ikaanza kwenda.

Ilinivuta kuelekea lori. Nikaminya breki kwa mkono mmoja, mpira ukateleza kwenye ringi iliyolowa. Mota ilisukuma, mimi nikazuia, mota ikasukuma. Nilihisi kabisa kuna mtu nyuma yangu anayetaka tuvuke. Nikajitupa ubavuni, mimi na baiskeli, topeni. Magurudumu ya lori yalipita karibu na kofia yangu. Dereva hata hakupiga honi. Gurudumu la nyuma liliendelea kuzunguka hewani, pole pole, halina habari.

Nilifika kazini nikikokota baiskeli. Msimamizi alinitazama tope lililonitapakaa mpaka masikioni.

"Mbili," akasema. Kisha akashusha sauti, maana si mtu mbaya sana. "Ndugu yangu, ya tatu usiniletee. Nina watu kumi wanaulizia hiyo nafasi."

Nilirudi nyumbani nimeshaamua. Nikachukua kamba.

"Unaipeleka wapi?" mama akauliza.

"Jalalani."

Alisimama. Mama huyo kusimama kunamchukua muda, lakini siku ile alisimama kama amevutwa. Akashika tandiko la baiskeli kwa mikono miwili.

"Mwanangu alikufa akingoja gari," akasema. "Amepata namna ya kurudi nyumbani, wewe unataka kumtupa jalalani."

"Mama, imetaka kuniua leo."

"Labda ulisimama vibaya."

Binti yangu alikuwa anatutazama, mimi nimeshika usukani, bibi yake ameshika tandiko. Akasema, "Nakwenda kumwita Bi Spana."

"Yule humwiti," nikasema.

Lakini alikuwa ameshatoka.

Bi Spana anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni fundi wa vitanda na viti vya magurudumu pale pale hospitalini, vikiwemo vile vya umeme. Alikuwa rafiki wa marehemu mke wangu. Kwa nini sikumwita tangu mwanzo? Kwa sababu karakana yake iko ghorofa moja na ofisi za wakubwa. Nilimwona akinywa chai nao. Nikamtia kapu moja nao, nikaacha kumsalimia. Sasa naandika haya ili msomaji ajue ujinga wangu ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Aliingia na mkoba wake wa vifaa. Alimwamkia mama kwanza, kwa kumsogelea sikioni. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, mwaka mzima hunisalimii, leo unanipa kazi. Haya. Nieleze, na usinifiche."

Nikamweleza yote, hata la saa kumi. Hakucheka. Alizunguka baiskeli mara mbili. Akainama kwenye betri. Akakaa hapo muda mrefu.

"Hii taa imewaka tangu lini?"

"Tangu tuifunge."

"Huzimi?"

"Nizime ya nini? Ni gurudumu zima. Muuzaji mwenyewe kaandika."

Alinitazama. Akatazama neno. Akanitazama tena. Ndipo alipokaa chini sakafuni, akaegemea ukuta, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Binti yangu naye akaanza kucheka, bila kujua anacheka nini.

"Shemeji," Bi Spana akasema akijifuta macho. "Hii siyo sifa. Hii ni amri. Anakwambia zima. Ukishuka, zima. Ukiosha, zima. Ukichaji, zima."

Nililisoma lile neno upya. Z, i, m, a. Halikuwa limebadilika hata kidogo. Uso wangu ulipata moto.

"Angeandika neno moja zaidi angekufa?" nikasema. "Ndiyo tabia yao hawa. Wanakuandikia nusu, nusu wanakuachia."

"Kweli," akasema Bi Spana. "Na wewe ungeuliza swali moja zaidi ungekufa?"

Akafungua plasta yangu ya hospitali kwenye usukani. Ilikuwa imelowa chapachapa. Chini yake kulikuwa na plagi ndogo ya plastiki.

"Njooni wote," akasema. "Hata wewe, mama. Kishikio hiki kina waya tatu. Mmoja unaleta umeme kidogo. Mmoja unaurudisha. Wa tatu ni wa habari. Ukizungusha kishikio, wa tatu unakiambia kisanduku kule: ongeza mwendo. Maji yakiingia kwenye hii plagi, umeme unavuja kutoka waya wa kwanza kwenda wa tatu. Kisanduku kinadhani umezungusha. Mota inaanza."

"Bila mtu?" binti yangu akauliza.

"Bila mtu. Shemeji, unaiosha saa ngapi?"

"Tisa, nikitoka kazini."

"Maji yanachukua muda kupenya plasta. Saa kumi yamefika. Yakikauka, gurudumu linasimama. Leo asubuhi yalikuwa manyunyu. Ni kitu kile kile."

"Kwa hiyo hakuna mgeni," nikasema.

"Kuna maji."

Akaomba kikombe. Akamwaga maji kidogo sana kwenye plagi, akafunika kwa plasta yangu, akatuambia tungoje. Tukangoja. Nilimsikia mama anavyopumua. Kisha gurudumu likashtuka, likaanza kuzunguka, pole pole, na vivuli vya spoku vikapita ukutani. Ngozi ya mikono yangu ilisisimka, ingawa nilikuwa nimeshaambiwa. Bi Spana alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe chekundu. Taa ikazimika. Gurudumu likazunguka kwa nguvu iliyobaki, likasimama.

Mama alikuwa anatazama. Alivuta shuka lake, akajifunika mpaka kichwani.

Bi Spana aliona. Alingoja kidogo, kisha akaendelea kwa sauti ya chini.

"Sasa tufanye kazi. Baiskeli ya zamani haipewi mota kabla ya kukaguliwa." Akagonga fremu kwa spana sehemu kwa sehemu, akasikiliza. Akapitisha kidole penye maungio akitafuta ufa. "Fremu nzuri. Uma wa mbele nao uko sawa. Lakini breki hizi ni za mtu anayepiga pedali. Wewe umeongeza uzito wa mota na betri, na mwendo. Tunaweka mpira mpya, na mikono ya breki yenye waya wa kukata umeme. Ukiminya tu, mota inalala. Haitashindana nawe tena."

"Leo asubuhi ilishinda."

"Ilikaribia." Akageukia gurudumu la nyuma. "Na hapa ulitaka kufa mara ya pili, hukujua. Mota inapoisukuma ringi kwenda mbele, ekseli nayo inataka kuzunguka kinyume. Nati peke yake haitoshi. Inalegea, ekseli inazunguka, inakata waya, gurudumu linachomoka. Panawekwa kipande cha chuma, kinashika ekseli na kufungwa kwenye fremu. Ninacho karakanani."

"Cha serikali?"

"Cha kiti kilichokufa. Usianze."

Zile plagi alizikausha. Akazipaka grisi maalumu isiyopitisha maji, akazigeuza zitazame chini ili matone yasiingie, akazifunga kwa mpira unaosinyaa ukipashwa moto. "Na ndoo ya maji mwisho leo," akasema. "Tope unafuta kwa kitambaa chenye unyevu. Betri unaitoa kwanza."

Kisha akauliza swali lililomfanya binti yangu aangalie pembeni.

"Mnachajia wapi?"

Nikamwonyesha. Tulikuwa tunachajia chini ya kitanda cha mama, karibu na mlango, usiku kucha, tukifunika betri kwa shuka chakavu ili taa yake isimsumbue.

Bi Spana alikunja uso. Mara hii hakuwa na mzaha.

"Hili ndilo lingenileta hapa nikilia. Betri hizi zikiharibika zinawaka moto mkali, na moshi wake ni sumu. Haziwaki kila siku, lakini siku zikiwaka hazikupi nafasi. Wewe umeiweka chini ya mzee, mlangoni, umeifunika nguo. Mngetokea wapi?"

Niliinama, nikalivuta lile shuka chakavu kutoka chini ya kitanda.

"Chaji mchana, mtu akiwa macho. Weka kwenye saruji, penye hewa, mbali na kitanda na mbali na njia ya kutokea. Usifunike. Tumia chaja yake tu, siyo ya kuazima. Ikijaa, chomoa. Ukitoka safari iache ipoe kwanza. Ikilowa ndani, ikivimba, ikinuka, au ikipata moto bila sababu, usiichaji tena wala usiifungue. Itoe nje mbali na nyumba, uniite. Na uniite kweli, shemeji. Usiniandikie barua."

Kazi ilimalizika Alhamisi alasiri. Alinisimamia nikijifunza. Kupanda, washa. Kushuka, zima. Alinifanya nirudie mara kumi mbele ya binti yangu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alinitafutia pia kofia ngumu. Ilinibana masikio, lakini niliivaa.

Ijumaa nilifika saa kumi na mbili kasoro robo. Nilipita ile njia panda kukiwa na mvua ya kutosha. Nilisimama, nikatoa mkono, nikangoja. Baiskeli ilitulia kama punda aliyeshiba.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Daftari la msimamizi bado linasoma mbili. Mpishi wa jikoni ameleta baiskeli yake, mlinzi wa lango ameleta yake, na yule muuguzi mfupi wa wodi ya watoto. Bi Spana anawafundisha uani kwetu, kando ya kamba za mashuka. Kwanza anawasomesha neno lile. Nimemwandikia kibao mwenyewe kwa mwandiko wangu, nikaongeza maneno ili mwingine asikosee kama mimi: UKISHUKA, ZIMA MOTA.

Mkurugenzi naye alikuja mara moja. Alisimama kando ya baiskeli yangu, akapigwa picha akitabasamu, kana kwamba yeye ndiye aliyepita topeni nayo. Tangazo la gari bado liko ukutani. Nilimuuliza. Akasema niandike barua.

Kwa hiyo hadithi yangu ningeimalizia hapo, na ingekuwa nzuri. Lakini lazima niandike yote.

Jumapili iliyopita Bi Spana alikuja kukaza nati, maana nati hukaguliwa kila mwezi. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Tangu siku ya kikombe cha maji alikuwa hasemi sana. Hakuchana tena nywele mchana. Alimtazama Bi Spana akifanya kazi, kisha akamwita.

"Fundi. Hiyo mota yenu inazunguka pande zote?"

"Hapana, mama. Mbele tu. Kuna mota zinazoweza kurudi nyuma, lakini hii haina waya wa kazi hiyo. Meno yake ya ndani yanasukuma upande mmoja. Tazama, hata nikilirudisha kwa mkono linakuwa zito." Akajaribu. Gurudumu lilikataa, kisha likasogea kwa taabu.

"Na maji yakiingia?"

"Hata yakiingia. Mbele tu."

Mama akatikisa kichwa taratibu.

"Siku ile ya kikombe lilikwenda mbele," akasema. "Nililiona. Ndiyo maana nilijifunika. Nikajua silo."

"Silo nini, bibi?" binti yangu akauliza.

Mama aliinua mkono wake. Kwa kidole alichora duara hewani, pole pole, kutoka mbele kurudi nyuma, kutoka mbele kurudi nyuma.

"La saa kumi lilikuwa linakwenda hivi. Siku zote. Hata siku moja halikwenda mbele."

Nilimtazama binti yangu. Alitikisa kichwa. Hakuwahi kuangalia. Mimi pia, katika hofu yangu yote, sikuwahi kuangalia linazungukia upande gani. Aliyekuwa akiangalia ni mama peke yake, kila siku, kwa macho yale makali.

Bi Spana alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaligusa gurudumu. Akafungua mdomo kueleza, kama anavyoeleza kila kitu, kisha akaufunga.

Nimewauliza mafundi watatu tangu siku hiyo. Nimemuuliza na yule muuza spea. Wote wamesema kama Bi Spana, mota ile haijui kurudi nyuma. Basi ile ya saa kumi nani alikuwa akiirudisha?